Mkate wa ndizi unaomomonyoka: pima ndizi, usizihesabu

Swali: Shikamoo mama. Naishi Igoma hapa Mwanza. Naoka mkate wa ndizi kwa sufuria juu ya jiko la mkaa, nauza vipande asubuhi stendi. Nafuata maelekezo yanayosema ndizi tatu, unga vikombe viwili, sukari nusu kikombe, mayai mawili, siagi, na kijiko cha bikaboneti. Nikiweka ndizi kisukari tatu, mkate unatoka mkavu, na siku ya pili unamomonyoka hata kuushika huwezi. Siku moja nilipata ndizi kubwa, nikaweka sita ili usikauke. Juu uliungua, katikati ukabaki mbichi, unanata kama ugali usioiva. Jirani ananishauri niongeze maziwa, mwingine anasema niulaze kwenye friji. Nifanyeje ubaki laini na wenye unyevu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umenirahisishia kazi kwa kutaja ulichoweka na jinsi unavyooka. Wengi huniambia "mkate wangu mkavu" wakaishia hapo, nami nabaki kubahatisha. Kwako sina haja ya kubahatisha. Mikate yako yote miwili, ule mkavu na ule mbichi, kosa lake kubwa ni moja: ndizi zimehesabiwa, hazikupimwa.

Maelekezo mengi ya mkate huu yametoka Marekani na Ulaya. Huko ndizi ya dukani karibu yote ni ya aina moja, ndefu na nene, ikimenywa inabaki na gramu 110 hadi 130. Wanapoandika "ndizi tatu" wanamaanisha gramu 350 hivi za ndizi iliyomenywa. Sasa shuka sokoni Kirumba uone: kisukari ziko, zile ndefu za kula ambazo wengine huziita mtwike ziko, na za kupika kutoka Kagera ndiyo usiseme. Ukisema "tatu" hujasema kitu. Nilimenya kichana kimoja cha kisukari nikapima moja moja, nyingi zikawa kati ya gramu 45 na 60. Kwa hiyo tatu zako hazikufika gramu 180, na huenda zilikuwa 150 tu. Zile kubwa sita zilikaribia gramu 700.

Robo tatu ya ndizi mbivu ni maji. Fanya hesabu: ulipoweka gramu 150 mahali pa 350, ulipunguza maji ya kama gramu 150, zaidi ya nusu kikombe. Mkate utaachaje kukauka? Ulipoweka 700, uliongeza zaidi ya kikombe kizima cha maji, na moto wa sufuria hauwezi kuyaivisha yote kabla juu hapajaungua. Jirani wa maziwa ameona mkate mkavu akafikiria kimiminika. Hajakosea sana, ila maziwa ukiyamwaga kwa kukadiria utarudi kwenye ule mkate mbichi.

Nunua mzani mdogo wa jikoni. Kwa anayeuza, hicho ndicho chombo cha kwanza, kabla ya tini zuri la kuokea na kabla ya mashine ya kupigia mayai. Kwa leo, kama hauna, ponda ndizi kwanza kisha pima kwa ujazo: gramu 350 za ndizi iliyopondwa hujaza karibu kikombe kimoja na nusu cha robo lita. Robo lita utaijua kwa chupa ya maji ya nusu lita. Yagawe maji yake sawasawa kwenye vikombe viwili vinavyofanana, utie alama pale yalipofika.

Alama hiyo itakusaidia na kwenye unga, maana hapo ndipo kosa la pili linapojificha. Unga ukiuchota kwa kikombe huku ukiushindilia, kikombe cha robo lita hubeba hata gramu 150. Ukiutimua kwanza, ukaujaza kwa kijiko bila kushindilia, ukasawazisha juu kwa kisu, unapata 120 au 125. Kwenye vikombe viwili tofauti inaweza kufika gramu 50 au 60 za unga mkavu, nao unataka kunywa maji ya mtu mwingine. Unga wako uwe gramu 250.

Tuje kwenye ndizi zenyewe. Subiri zifike pale ganda limejaa madoa meusi na harufu inakujia kabla hujaikaribia. Ndizi inapoiva, wanga wake mwingi hugeuka sukari, na sukari ndiyo inayoyashika maji ndani ya mkate yasitoroke. Ndizi ya njano iliyonyooka, nzuri ya kula kwa chai, bado ina wanga mwingi kuliko ninavyotaka hapa. Ukinunua mbichi kidogo, zivundike kama walivyofanya mama zetu: zifunike pamoja na papai bivu au parachichi bivu, kwenye mfuko wa karatasi au kikapu kilichofunikwa kwa kanga. Matunda yanayoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huamsha jirani zake nayo yaive. Kwa joto la hapa kwetu siku mbili tatu zinatosha. Wapo wanaozichoma ganda kwenye moto ili ziwe nyeusi haraka. Zinalainika kweli, lakini utamu na harufu ya ndizi iliyoiva yenyewe hutaipata.

Upande wa pili kuna mpaka. Ndizi ikianza kutoa maji yenye povu na kunuka rubisi, ile pombe ya ndizi, imeshaanza kuchacha. Usiipeleke kwenye mkate wa kuuza. Ndizi za kutengenezea pombe nazo ziache huko huko, zina ukakasi unaobaki ulimini hata uweke sukari gani. Za kupika zilizoiva unaweza kuzichanganya kidogo ukikosa nyingine, ila mkate utakuwa na utamu mdogo. Mimi napenda kisukari. Ni ndogo na zinachosha kumenya, lakini harufu yake ni kali na nzuri. Kwa gramu 350 utahitaji sita hadi nane.

Sukari yako nusu kikombe ni gramu 100 hivi. Naelewa unabana gharama, tena wateja wengine wanasema hawapendi vitu vitamu sana. Ipandishe hadi 140 au 150. Kama nilivyosema, sukari inashika maji, na ukiipunguza mno unapunguza unyevu hata kama ndizi umeziweka sawa. Kama utamu unakusumbua, afadhali upunguze ukubwa wa kipande.

Siagi ya kopo ibadilishe. Siagi hiyo ikipoa inaganda, na mkate unapopoa nayo inagandia ndani yake, mlaji anasikia ukavu mdomoni ingawa maji yapo. Mafuta ya maji hubaki laini mkate ukishapoa, hata asubuhi ya Julai yenye upepo wa ziwani. Zaidi ya hapo, siagi ya kopo si mafuta matupu, sehemu yake ni maji. Tumia mililita 110 za mafuta ya alizeti, kidogo chini ya nusu ya robo lita. Chagua yale yaliyosafishwa yasiyo na harufu. Yale ya mashine ndogo za mtaani ni matamu kwenye mchicha, lakini kwenye mkate harufu yake inaifunika ndizi.

Na kama unataka maziwa, weka mtindi. Vijiko vinne vya chakula, mtindi mzito, ule uliokwisha mwagwa maji yake ya juu. Uchachu wake unalainisha mkate na unaipa bikaboneti kitu cha kufanya nayo kazi. Bikaboneti peke yake haitoi hewa vizuri mpaka ikutane na uchachu. Ndizi ina uchachu mdogo, mtindi unakamilisha. Ikizidi, inayobaki bila kazi inaupa mkate ladha ya sabuni na rangi ya giza. Na tafadhali, usitumie magadi ya makande kama mbadala. Ni kitu kingine, kikali zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo maelekezo ya nje hayatakwambia, kwa kuwa aliyeyaandika haishi Mwanza. Uso wa ziwa letu uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi za mjini ziko juu zaidi ya hapo, kwenye miamba. Kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo yanatoka haraka zaidi kwenye mkate. Na kwa kuwa hewa inatukandamiza kwa nguvu ndogo kuliko inavyowakandamiza watu wa pwani, mapovu ya bikaboneti yanavimba zaidi: mkate unapanda kwa kasi, halafu katikati unabonyea. Tofauti si kubwa kama ya watu wa milimani, lakini ipo. Mahali walipoandika kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti, mimi naweka robo tatu ya kijiko, nimekisawazisha kwa kisu. Beking poda siongezi.

Kuchanganya ni kazi ya dakika mbili, na wengi tunaiharibu kwa bidii. Bakuli la kwanza: unga gramu 250 uliochekechwa, ile bikaboneti, chumvi nusu kijiko cha chai, na mdalasini ukipenda. Bakuli la pili: ponda ndizi kwa uma, acha vibonge vidogo, kisha tia sukari, mayai, mafuta na mtindi, ukoroge mpaka vishikane. Hapo mimina unga ndani ya bakuli la pili na ugeuze kwa mwiko, ukitoka chini kuja juu, mara kumi na mbili hadi kumi na tano. Ukiona unga mkavu umetoweka, acha. Vibonge vikibaki, viache. Unga wa ngano ukilowa na kukorogwa sana hutengeneza gluteni, ule utando unaouvuta kwenye chapati. Kwenye chapati tunaukanda kwa makusudi. Kwenye mkate wa ndizi unaleta ugumu na mashimo marefu kama vichuguu. Kama dukani wana unga wa aina mbili, chukua ule laini wa keki na maandazi, uache ule wa mikate. Na rojo likishakuwa tayari lisikae mezani ukisubiri mkaa ushike, maana bikaboneti imeshaanza kazi. Moto uwe tayari kwanza.

Sasa sufuria, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ulipounguzia juu.

Tafuta sufuria nzito na pana, tini likiingia libaki na nafasi ya vidole viwili kila upande. Chini weka mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa sentimita mbili au tatu. Mchanga unagawa moto ili kitako cha tini kisipate yote kwa mkupuo. Uwe mkavu kweli, uanike juani kutwa. Wengine huweka mawe matatu badala ya mchanga. Kwa jiji hili la miamba mawe hayatupi shida, lakini usiokote ya ziwani au ya mtoni: jiwe lililonyonya maji likipashwa moto linaweza kupasuka kwa kishindo, na wewe umeinama juu yake.

Funika sufuria tupu juu ya moto kwa dakika kumi hadi kumi na tano mpaka ndani pawe pa moto kabisa, ndipo uingize tini. Halafu makaa: machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama sehemu moja chini kwa mbili juu. Hilo unalijua, ndivyo tunavyooka wote. Linalosahaulika ni aina ya kaa. Kaa jekundu linalowaka linaunguza. Subiri yavae majivu, yawe ya kijivu, ndipo uyapange juu, tena uyapange pembeni kuzunguka ukingo wa mfuniko na machache sana katikati. Mkate wa ndizi ni mzito, katikati yake huchelewa. Ukiurundikia moto juu, unaganda gamba mapema, na joto linakosa muda wa kufika ndani.

Usifunue kabla ya dakika 35. Kila ukifunua, joto lote ulilolihifadhi linaondoka na mkate unabonyea. Dakika ya 35 chungulia upesi. Kama juu pamepata rangi ya kahawia, punguza makaa ya juu yabaki nusu na uongeze mawili matatu chini. Endelea. Kwa sufuria nyingi mkate wa unga gramu 250 huchukua saa moja hadi saa moja na robo. Mwenye oveni aweke nyuzi 170 au 175, aanze kuangalia dakika ya 50. Jiko lako likae nje au penye upepo wa kupita. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa, na muokaji wa alfajiri ndiye anayeshawishika kufunga mlango.

Kujua umeiva, chomeka kijiti katikati kabisa. Wengi wanasubiri kitoke kikavu kama kilivyoingia, nao wanapita wakati. Kwa mkate huu kijiti kikitoka na chembe mbili tatu laini zimeng'ang'ania, bila rojo, utoe. Utaendelea kujiivisha ndani ya tini. Dakika kumi za ziada "kwa uhakika" ndizo zinazokausha mikate mingi ambayo vipimo vyake vilikuwa sahihi. Ukiubonyeza juu kwa kidole unarudi wenyewe, na pembeni umeanza kuachana na tini.

Uache kwenye tini dakika kumi na tano, uutoe, uweke juu ya wavu upoe. Ukibaki na uvuguvugu mdogo tu, ufunge kwa karatasi ya kuokea kisha mfuko. Ukiufunga wa moto, mvuke unageuka matone na siku ya pili unakuta ukungu. Ukiuacha wazi usiku kucha, upepo unaukausha. Ukifungwa kwa wakati wake, unyevu wa katikati unasambaa mpaka kwenye gamba, na kesho yake unakuwa mtamu kuliko siku ulipookwa. Kwa biashara yako hiyo ni faida: oka jioni, kata asubuhi.

Friji sasa. Najua anayekushauri anakutakia mema, nami niliwahi kumsikiliza mtu kama yeye. Miaka yangu ya mwanzo nilipata oda ya mikate kumi ya harusi, nikaoka siku mbili kabla, nikailaza kwenye friji ya kukodi nikalala usingizi. Asubuhi ilikatika kama matofali ya udongo. Nililia. Nilikuwa nimeifunga vizuri, maji hayakutoka, na hilo ndilo lililonichanganya kwa muda mrefu. Mkate haukauki kwa kupoteza maji pekee. Wanga uliolainika wakati wa kuiva unaanza kujipanga upya na kukaza mkate ukipoa, na ubaridi wa friji ndio unaoharakisha jambo hilo kuliko joto la chumbani, na kuliko ubaridi wa friza pia. Kwa hiyo siku mbili za kwanza uache mkate kabatini, umefungwa. Kama hautauzwa kwa siku hizo, ukate vipande, ufunge kimoja kimoja, uviweke kwenye friza vigande kabisa. Ukivitoa usiku, asubuhi viko sawa. Siku ya tatu, hasa masika hewa ikiwa nzito, mimi siuzi mkate huo tena.

Huo uliokaukia nao usiutupe. Kata vipande, vipashe kwenye kikaango kikavu pande zote mbili, au uvipitishe kwenye mvuke dakika mbili. Wanga uliokaza hulainika ukipata moto tena, ingawa kwa muda mfupi, kwa hiyo uliwe pale pale na chai. Ule mbichi wa katikati hauna dawa. Ukiurudisha kwenye moto baada ya kupoa, gamba ndilo litakaloiva zaidi.

Kukata, tumia kisu chenye meno, uvute kama msumeno bila kukandamiza, na usiukate kabla haujapoa kabisa. Vipande viwe vinene kama kidole gumba. Vyembamba hukauka pembeni kabla daladala ya kwanza haijajaa. Vifunge kimoja kimoja na uvipange kwenye ndoo yenye mfuniko, si kwenye sinia la wazi lenye vumbi la stendi. Mara ya kwanza oka mmoja tu, kwa vipimo hivi, uandike uzito wa ndizi na dakika ulizotumia. Sufuria yako na mkaa wako si vyangu, kwa hiyo dakika ndizo utakazorekebisha. Gramu ziache kama zilivyo.